Kuinywesha Mimea ya Chunguni Tuwapo Likizoni

Kila muhula unapokwisha wanafunzi hufunga masanduku yao, walimu hufunga madaftari yao, na maabara hutiwa kufuli. Watu wote huenda zao makwao. Lakini viko viumbe ambavyo haviwezi kwenda popote, navyo ni mimea iliyopandwa katika vyungu, makopo na ndoo. Iko mimea ya barazani mwa ofisi, iko ya dirishani mwa maabara ambayo majani yake hutumika katika majaribio ya wanga, na iko miche ya miti iliyomo kitaluni. Shule ifunguliwapo tena, mingi katika mimea hiyo huonekana imekauka. Hapo husikika maneno: huyu asema zamu ilikuwa ya yule, na yule asema bomba lilikuwa halitoi maji.

Hasara hiyo si ndogo. Mche wa mparachichi uliotunzwa tangu mbegu mpaka ukafika magotini hauwezi kurudishwa kwa kumlaumu mtu. Darasa lililokosa mmea hai limekosa jaribio, na jaribio lililokosekana huonekana katika karatasi ya mtihani. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mama ana mchaichai wake katika kopo la rangi, bibi ana mrehani na mshubiri, na wako wazazi ambao miche ya kuuza kando ya barabara huwasaidia kununua mahitaji ya shule ya watoto. Familia ikisafiri kwa majuma mawili, kwa harusi au kwa msiba, yote hayo huachwa kwa bahati.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kumwaga maji mengi siku ya kuondoka. Hiyo si dawa. Udongo wa chunguni ukishashiba, maji yanayozidi hutoka kwa tundu la chini yakapotea. Tena katika nyumba nyingi maji hununuliwa kwa ndoo, au huchotwa mbali. Basi si haki kuyamwaga bure. Njia iliyo bora ni kujua kwanza mmea watumia maji kiasi gani, kisha kuyapunguza matumizi hayo, na mwisho kuuwekea akiba ambayo utajinywea wenyewe kidogo kidogo. Somo letu litafuata utaratibu huo.

MAJI HUENDA WAPI?

Mmea wa shambani una ardhi nzima chini yake. Udongo wa juu ukikauka, mizizi hushuka chini kutafuta unyevu. Mmea wa chunguni hauna nafasi hiyo. Ghala lake ni ule udongo mdogo uliomo chunguni, na mizizi ikishafika kwenye ukuta wa chungu haina pa kwenda.

Maji hayo hutoka kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni juu ya udongo wenyewe, ambako hugeuka mvuke kwa jua na upepo. Njia ya pili ni ubavuni mwa chungu, ikiwa chungu ni cha udongo uliochomwa bila kupakwa rangi. Chungu cha plastiki na kopo la bati havipitishi maji ubavuni. Njia ya tatu, nayo kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote kwa mmea wenye majani mengi, ni majani.

Jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo stomata. Aghalabu vitundu hivyo huwa vingi zaidi upande wa chini wa jani. Mmea huvifungua ili kuingiza hewa ya kaboni dayoksaidi ambayo kwayo hutengeneza chakula. Lakini kila vinapofunguka, mvuke wa maji hutoka. Ni kama mtu afunguaye mlango ili kumkaribisha mgeni, na kuku waliokuwa ndani wakapata nafasi ya kutoka. Katika maji yote yanayovutwa na mizizi, zaidi ya sehemu 9 katika 10 hutoka kwa njia hiyo. Sehemu iliyo ndogo ndiyo inayobaki kuujenga mwili wa mmea.

Mtu aliyelipima jambo hili kwa uangalifu alikuwa kasisi Mwingereza, Stephen Hales. Mwaka 1724 alichukua alizeti iliyoota katika chungu, yenye kimo cha futi 3 na nusu. Akafunika udongo kwa bamba jembamba la risasi ili maji yasitoke isipokuwa kwa majani na kwa ubavu wa chungu, kisha akawa akikipima chungu kwa mizani asubuhi na jioni. Baada ya kutoa kile kilichopotea kwa ubavu wa chungu, aliona kwamba kwa mchana wa saa 12 alizeti ile ilitoa kwa wastani aunsi 20 za maji, yaani zaidi kidogo ya nusu lita. Usiku ilitoa kidogo sana. Matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1727. Hakutumia chombo chochote kisichoweza kupatikana shuleni kwetu: chungu, mmea, mizani na subira.

Kutokana na hayo twajifunza mambo yanayoongeza kiu ya mmea. Nayo ni haya: mwanga wa jua, joto, upepo, ukavu wa hewa, na wingi wa majani. Likizo ya Desemba huangukia wakati wa kaskazi, ambapo pwani kuna joto jingi. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia wakati wa kipupwe, ambapo joto ni kidogo lakini katika mikoa mingi ya bara mvua imekatika na hewa ni kavu. Hapana likizo ambayo mmea wa barazani waweza kusahauliwa.

KUPIMA KABLA YA KUONDOKA

Maji yana sifa moja iliyo njema kwa mwenye kupima: mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Basi chungu kikipungua gramu 100, kimepoteza mililita 100 za maji. Fanya hivi juma moja au mawili kabla ya kufunga shule.

Kwanza, nywesha mmea mpaka maji yatoke kwa chini, uache uchuruzike kwa muda wa saa moja. Pili, upime asubuhi na uandike uzito wake. Tatu, usiunyweshe tena, bali uupime kila siku saa ile ile kwa muda wa siku 3. Nne, toa uzito wa mwisho katika uzito wa kwanza, ugawe kwa idadi ya siku.

Tuchukue mfano. Chungu kilichopo barazani kilikuwa na gramu 5,400 siku ya Jumatatu. Jumanne kilikuwa na gramu 5,220, Jumatano 5,050, na Alhamisi 4,890. Jumla ya upungufu ni gramu 510 kwa siku 3, yaani gramu 170 kwa siku. Kwa likizo ya siku 30 mmea huo utataka mililita 5,100, nazo ni lita 5 na kidogo.

Sasa tuseme chungu hicho kimehamishiwa mahali penye kivuli pasipo na upepo, kikapimwa upya, kikaonekana chapoteza gramu 90 kwa siku. Kwa siku 30 kitataka lita 2.7 tu. Tumeokoa lita 2.4 kwa chungu kimoja. Shule yenye vyungu 20 vya namna hiyo itaokoa lita 48, yaani zaidi ya madebe mawili, kwa kuvisogeza tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua mahali. Kazi ya kutafuta maji huja baadaye.

Asiye na mizani aweza kuuinua mkono chungu kikiwa kimeshiba, akakiinua tena kila siku, mpaka mkono wake uzoee tofauti. Au aingize kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili. Udongo wa juu hudanganya, maana hukauka upesi hali chini bado mna unyevu.

KUPUNGUZA KIU YA MMEA

Yako mambo manne yasiyogharimu kitu.

La kwanza ni kivuli. Usiuweke mmea gizani kabisa, maana hapo hautatengeneza chakula. Bali uweke penye mwanga usio wa jua kali, mathalani ukumbi wa upande wa kusini au wa kaskazini kwa kadiri ya msimu, au chini ya mti wenye matawi mapana.

La pili ni kukusanya vyungu pamoja. Vyungu vikikaa karibu karibu, mvuke unaotoka katika majani ya mmea mmoja huifanya hewa ya jirani yake iwe na unyevu, na upepo haupiti kwa nguvu katikati yao. Vilivyo vidogo viwe katikati, na vikubwa viwe pembeni.

La tatu ni kufunika udongo. Tandaza majani makavu, maganda ya karanga, au nyuzi za makumbi ya nazi, unene wa vidole viwili. Acha nafasi kidogo kulizunguka shina, lisije likaoza.

La nne ni kupunguza majani. Ondoa majani yaliyozeeka na maua yaliyokwisha kuchanua. Mrehani na mnanaa waweza kukatwa mpaka nusu. Vichwa vyake vikaushwe kwa matumizi ya jikoni, nayo itachipua upya.

Ipo na njia nyingine ya kuuzuia mvuke usitoke, nayo ina historia yake. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliweka udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya kioo akaifunga, akitaka kumtazama buu wa nondo akibadilika. Badala yake akaona jimbi na nyasi zimechipua humo. Mvuke ulipanda, ukagusa kioo, ukageuka matone, ukarudi udongoni. Mimea hiyo iliishi miaka kadhaa bila kutiwa maji. Mwaka 1833 Ward alipeleka makasha mawili ya kioo yenye mimea kwa jahazi mpaka Sydney, Australia, nayo ikafika hai. Mwaka 1876 miche ya mpira ipatayo 1,900 ilisafirishwa kutoka bustani ya Kew, London, mpaka Sri Lanka, wakati ule ikiitwa Ceylon, katika makasha ya namna hiyo.

Sisi twaweza kufanya hivyo kwa chupa kubwa ya maji ya lita 5 iliyo angavu. Ikate kitako, uifunike juu ya mche mdogo ulionyweshwa vizuri, na uifunge kifuniko. Walakini yako masharti mawili. Isiwekwe juani hata kidogo, kwa sababu joto litakusanyika ndani na kuupika mmea. Tena isitumike kwa mshubiri na mimea mingine ya majani manene, ambayo huoza kwa unyevu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tusiitafute kwa kazi hii, maana imepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania Bara tangu mwaka 2019.

NJIA TATU ZA KUWEKA AKIBA YA MAJI

1. Utambi

Kila mtu aliyewahi kuona kibatari ajua kwamba mafuta hupanda katika utambi ijapokuwa hakuna anayeyasukuma. Sababu yake ni kwamba utambi una nafasi nyembamba sana baina ya nyuzi zake. Maji, kama mafuta, hushikamana na nyuzi hizo na huvutana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana hupanda. Kadiri nafasi zilivyo nyembamba, ndivyo yanavyoweza kupanda juu zaidi.

Chukua kamba ya pamba au ukanda wa kitambaa wenye unene wa penseli. Nailoni iliyosokotwa nayo yafaa, na haiozi upesi. Ilowe kwanza katika maji, kwa sababu utambi mkavu huchelewa kuanza kazi. Ingiza ncha moja kwa tundu la chini la chungu mpaka ifike katikati ya udongo, na ncha nyingine iache ining'inie. Kisha weka chungu juu ya vijiti viwili au tofali juu ya beseni la maji, ncha ya chini ikae ndani ya maji mpaka kitako cha beseni. Kitako cha chungu kisiguse maji.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mmea hujipimia wenyewe. Udongo ukiwa umelowa, hauvuti kwa nguvu. Ukianza kukauka, huvuta zaidi. Lakini utambi hauwezi kupandisha maji mbali. Afadhali maji yasiwe chini ya chungu kwa zaidi ya sentimita 15. Kwa sababu hiyo beseni pana lafaa kuliko dumu refu. Turudi kwenye mfano wetu. Mmea wataka lita 2.7; tuongeze theluthi yake kwa ajili ya siku za joto, tupate lita 3.6. Katika beseni lenye kipenyo cha sentimita 30, maji hayo yatafika kina cha sentimita 5 hivi tu, na utambi utayafikia mpaka tone la mwisho.

Jambo la kuangalia: usiweke chombo cha maji juu kuliko chungu, kamba ikishuka kutoka chomboni hadi udongoni. Hapo maji yaweza kuendelea kuteremka yenyewe hata kama udongo umeshiba, nawe utarudi ukute chombo kitupu na mizizi imezama.

2. Mtungi wa kuzikwa

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hupenya ubavuni mwake polepole, yakageuka mvuke na kuchukua joto. Jasho hilo la mtungi laweza kuinywesha mimea. Zika mtungi mdogo usiopakwa rangi ndani ya udongo, mdomo wake ubaki juu, uujaze maji na kuufunika. Udongo ukikauka huyavuta maji kwa kupitia ukuta wa mtungi. Ukishiba, mvuto hupungua.

Maarifa haya ni ya kale. Nchini China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mwandishi wa kilimo Fan Shengzhi alieleza jinsi ya kuzika mtungi wa maji katikati ya shimo na kupanda matikiti manne kuuzunguka. Kwetu njia hii haifai kwa kopo dogo, maana mtungi utachukua nafasi ya mizizi. Yafaa kwa pipa lililokatwa nusu, kwa sanduku la miche, au kwa tuta la mboga nyuma ya nyumba. Miche iliyomo katika mifuko ya kitalu yaweza kupangwa kuuzunguka mtungi, mifuko ikizikwa nusu katika mchanga wenye unyevu.

3. Chupa iliyopinduliwa

Wafugaji wa kuku wajua chombo cha kunyweshea ambacho hupinduliwa juu ya kisahani. Maji hutoka mpaka yafunike mdomo, kisha husimama kwa sababu hewa haiwezi kuingia. Kuku wakinywa, hewa huingia, na maji mengine hushuka. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kupinduliwa udongoni hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, nywesha udongo kwanza, kisha ichomeke chupa mpaka shingo izame.

Njia hii ni nyepesi lakini haiaminiki kama zile mbili. Katika udongo wa kichanga chupa yaweza kwisha kwa siku moja, na katika udongo wa mfinyanzi tundu laweza kuziba. Tena jua likiipiga chupa, hewa iliyomo ndani hutanuka na kuyasukuma maji nje. Basi ijaribu siku kadhaa kabla ya safari, uitie alama kwa kalamu kila asubuhi uone imeshuka kiasi gani. Ikiwa mmea wataka mililita 90 kwa siku, chupa ya lita 1 na nusu ikienda sawasawa itatosha siku 16. Kwa hiyo ni njia ya safari fupi.

SI MIMEA YOTE ILIYO NA KIU SAWA

Iko mimea ambayo huuawa na huruma kuliko kiu. Mshubiri ni mmoja wao. Hufungua stomata zake usiku, wakati hewa ni baridi, na mchana huzifunga. Kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Sansevieria nayo, ile yenye majani marefu magumu kama panga, hufanya hivyo hivyo. Mimea hiyo ikinyweshwa mara moja kabla ya likizo, ikawekwa kivulini, kwa kawaida itamaliza mwezi bila taabu. Usiiwekee utambi.

Zamioculcas ni mmea wa Afrika ya Mashariki na Kusini, nao huota pia Unguja. Huweka akiba ya maji katika vigogo vyake vya chini ya udongo na katika mashina ya majani yake. Siku hizi huuzwa katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani kama mmea wa watu wanaosafiri mara kwa mara.

Kinyume chake ni ua la zambarau la milima ya Usambara, lijulikanalo duniani kwa jina la Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Usambara, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalieleza kitaalamu na kulipa jina la ukoo huo. Leo ua hilo lapatikana madirishani katika nchi nyingi, ijapokuwa kwao porini baadhi ya aina zake zimo hatarini kwa kukatwa misitu. Huko kwao huota juu ya miamba yenye kivuli na unyevunyevu, ndiyo sababu halipendi jua kali wala kukauka kabisa, na maji baridi yakidondokea majani yake hutia madoa. Kwa hiyo wakulima wengi wa ua hilo hutumia utambi, ambao huleta maji kwa chini bila kuligusa jani.

HADHARI MBILI

Ya kwanza ni kuhusu mizizi. Mizizi nayo hupumua. Chungu kikikaa ndani ya maji mwezi mzima, nafasi za hewa katika udongo hujaa maji na mizizi huoza. Mmea uliozama hunyauka kama ule wenye kiu, hata mtu akadanganyika na kuuongezea maji. Kisahani kilichojaa maji chini ya chungu si akiba.

Ya pili ni kuhusu afya ya majirani. Mbu aina ya Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, hutaga mayai katika vyombo vidogo vya maji karibu na nyumba: ndoo, makopo, matairi na visahani vya maua. Ndiye aenezaye homa ya dengi, ambayo iliwapata watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Tangu yai kuanguliwa mpaka mbu kuruka, kwenye joto, huchukua muda wa juma moja hadi siku 10. Likizo ya mwezi inatosha kuzalisha vizazi viwili katika beseni moja lililoachwa wazi. Basi kila chombo cha akiba kifunikwe kabisa: beseni kwa ubao au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba, pakibaki tundu la utambi tu; mtungi kwa kifuniko chake. Mrudipo, mkisugue chombo kwa brashi, maana mayai ya mbu huyo hushika ubavuni na yaweza kuishi miezi mingi hata chombo kikiwa kikavu. Kifuniko hicho pia huzuia maji yasipotee kwa mvuke.

MSAADA WA JIRANI

Pamoja na njia zote hizi, hakuna kinachoshinda jicho la mtu. Lakini msaada wa jirani nao wahitaji utaratibu. Usimwambie tu, "Nitazamie maua yangu." Hajui kama ni kila siku au kila juma, wala kikombe wala ndoo. Kusanya vyungu mahali pamoja, acha maji tayari katika dumu lenye kifuniko ili asitumie yake aliyoyanunua, na uandike karatasi: chungu chenye alama nyekundu kikombe kimoja kila siku ya tatu; chenye alama nyeupe kisiguswe. Urudipo, mpelekee kichipukizi cha mrehani au fungu la mchaichai pamoja na shukrani.

Hapa shuleni yafaa tukumbuke kwamba mlinzi ana kazi yake aliyoajiriwa. Vyungu 20 vilivyotawanyika kila pembe ya shule ni mzigo kwake. Vyungu 20 vilivyokusanywa kivulini, vyenye tambi na mabeseni yaliyofunikwa, vyaweza kutazamwa kwa dakika chache mara moja kwa juma, akiombwa kwa heshima na mwalimu wa zamu.

KAZI KWA MADARASA

1. Kila mkondo uchague mimea 3: mmoja wa majani mapana, mmoja wa majani membamba, na mmoja wa majani manene. Ipimeni kwa siku 3 barazani na siku 3 kivulini, muandike matokeo katika jedwali.

2. Mche wapoteza gramu 120 kwa siku. Likizo ni ya siku 28. Utawekewa maji kiasi gani ukiongeza theluthi? (Jibu: mililita 4,480.)

3. Kwa nini Hales alifunika udongo wa alizeti yake? Je, angepata jibu gani kama asingeufunika?

4. Tayarisheni vyungu viwili vinavyofanana, kimoja kwa utambi wa pamba na kingine kwa utambi wa nailoni. Baada ya majuma mawili pimeni maji yaliyobaki katika kila beseni, mweleze tofauti.

5. Waulizeni wazee nyumbani jinsi walivyohifadhi miche na mbegu wakati wa kiangazi. Andikeni majibu yao, na yaliyo mazuri yaletwe kwa mhariri wa gazeti letu kabla ya juma la tatu la muhula ujao.